Maswali ya Wanaosuka Injini Nyumbani

Injini yangu ya turbo imenoki. Naambiwa nibadilishe beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) tu na krenki, shafti kuu ya injini, ibaki ilivyo. Inatosha?

Haitoshi, lakini kwanza tuhakikishe imenoki kwa maana ipi, kwa sababu neno hili hubeba magonjwa mawili. La kwanza ni beringi iliyokwisha: mlio mzito, ko-ko-ko, unaofuata mzunguko wa krenki. La pili ni mchanganyiko wa hewa na petroli kujilipukia wenyewe injini ikiwa na mzigo: mlio mwembamba, kama misumari ikitikiswa ndani ya kopo. La pili lisipotibiwa huzaa la kwanza, maana kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya beringi.

Injini ikiwa inanguruma polepole, chomoa waya wa injekta moja baada ya nyingine. Silinda ambayo mlio hupungua ukiizima ndiyo yenye beringi mbovu. Kisha ikate filta ya oili na uifungue karatasi yake. Chenga zinazometameta humo zinamaliza ubishi.

Krenki lazima itoke. Pima kila shingo yake, yaani sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi, kwa maikromita, pande mbili zinazokingamana, mwanzoni na mwishoni mwa shingo. Tofauti kati ya vipimo ikizidi milimita 0.02, au ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, ipeleke ikachongwe, kisha ununue beringi za saizi inayofuata, kwa kawaida za shingo iliyopungua milimita 0.25. Konrodi iliyogeuka rangi ya bluu kwa joto, itupe. Kinachosahaulika zaidi ni kipoza oili: chenga hujificha ndani yake, hazisafishiki zikaisha, na injini mpya huzinywa siku ya kwanza. Nunua kingine. Pampu ya oili ifunguliwe, na vizibo vya njia za oili kwenye bloku vitolewe ili brashi ipite.

Unapofunga, mwanya wa beringi uwe karibu milimita 0.001 kwa kila milimita moja ya kipenyo cha shingo. Shingo ya milimita 50 itataka takriban 0.05, injini ya busti (shinikizo la hewa ya turbo) kubwa huvumilia 0.06. Plastigeji, uzi laini wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi ili kupima mwanya, itakuonyesha, mradi usizungushe krenki ikiwa ndani.

Ringi mpya za pistoni zimekuja kwenye pakiti zikiwa na mwanya mdogo sana kati ya ncha zake. Nizifunge hivyo hivyo?

Usithubutu. Ringi nyingi za injini za nguvu huuzwa zikiwa na chuma cha ziada ili wewe uzikate kulingana na kazi yake. Chukua kipenyo cha silinda ukizidishe kwa 0.004 kwa injini isiyo na turbo, 0.005 kwa turbo ya matumizi ya barabarani, na 0.006 kwa busti kubwa. Silinda ya milimita 86 itakupa 0.34, 0.43 na 0.52. Kama mtengenezaji wa pistoni ametoa jedwali lake, lifuate hilo na uache letu.

Ukikosea, kosea upande wa mwanya mkubwa. Mwanya uliozidi kidogo hupitisha gesi kidogo chini ya pistoni, basi. Mwanya mdogo ni msiba: ringi ikipata moto hurefuka, ncha zikikutana hazina pa kwenda, ringi hubana ukuta wa silinda na kumega ukingo wa pistoni. Wengi hulaumu ubora wa pistoni.

Isukume ringi ndani ya silinda yake, kiasi cha milimita 25, kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kwa fila geji, vipande vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana. Piga tupa ncha moja tu, ukivuta kutoka nje kwenda ndani, la sivyo utabandua rangi ngumu iliyo usoni. Lainisha kingo kwa jiwe. Ringi ya pili ipe mwanya mkubwa kidogo kuliko ya kwanza, ili gesi iliyopenya isikwame katikati na kuinua ringi ya juu. Ringi iliyopimwa silinda namba 2 isihamie namba 3.

Nimeparuza silinda kwa hona (mawe ya kusugulia ukuta wa silinda) na kuosha bloku kwa petroli mara tatu. Sasa naweza kufunga?

Bado. Petroli huondoa oili na kuacha unga wa mawe ya hona umejikita kwenye mistari ya mparuzo. Osha kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kausha na upake oili papo hapo. Chuma kikavu hushika kutu kwa dakika chache.

Silinda hedi imetoka kwa fundi ikiwa imenyooshwa, lakini gasketi ya awali ilivuja. Nisafishe uso wa bloku kwa diski ya msasa ya grainda? Na bolti za zamani zinafaa?

Diski hiyo iweke mbali. Huchimba mabonde usiyoyaona, na unga wake ukiingia kwenye oili utakula beringi. Tumia kikwangua cha plastiki na dawa ya kulainisha gasketi. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya bloku, kwa urefu, upana na mishazari. Fila geji ya milimita 0.05 ikipita chini yake, bloku nayo inahitaji mashine. Gasketi ya tabaka za chuma haisamehi uso mbaya.

Bolti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe baada ya toki (kipimo cha nguvu ya kukazia) hurefuka zikikazwa, hivyo kwa kawaida ni za kutumia mara moja tu. Stadi, yaani fimbo ya hesi isiyo na kichwa inayofungwa kwa nati, ni bora kwa injini ya busti: izungushe kwa mkono tu hadi ikae, paka grisi iliyokuja nayo kwenye hesi na chini ya nati, kisha kaza kwa hatua tatu. Namba ya toki ya mtengenezaji wa stadi inategemea grisi hiyo. Ukipaka oili ya kawaida mkazo halisi hubadilika ingawa spana inasoma vilevile. Matundu ya bolti yaliyozibwa chini yafyonzwe oili na maji yote. Oili haibanwi, na bolti ikiisukuma inaweza kupasua bloku.

Kamshafti kubwa: nitajuaje valvu hazitagonga pistoni?

Weka plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga hedi na gasketi iliyotumika, panga taiming, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili. Fungua, kata plastisini, pima palipo pembamba. Valvu ya kuingiza itake walau milimita 2, ya kutolea 2.5. Ukikutana na kizuizi unapozungusha, usilazimishe.

Nikiwasha mara ya kwanza niiache ingurume taratibu ili izoee?

Hilo ndilo huua ringi. Hukaa vizuri zikisukumwa ukutani na shinikizo la gesi, na injini isiyo na mzigo haina shinikizo hilo. Ukuta hung'aa na injini hula oili maisha yake yote.

Kabla ya kuwasha toa plagi, zima petroli, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya presha ya oili ipande. Tumia oili ya madini, si ya sintetiki. Ikiwaka, angalia uvujaji na joto, kisha itoe barabarani: kanyaga kwa wastani kutoka mzunguko wa chini kwenda juu, achia pedali ili gia ivute mzunguko urudi chini, rudia. Kamshafti inayosukuma tapeti bapa (zisizo na roli) ndiyo pekee inayodai dakika 20 kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 mara tu injini inapowaka, na oili yenye zinki ya kutosha. Busti ibaki chini mwanzoni. Badilisha oili na filta baada ya kilomita 80 hivi, tena baada ya 800, na kila filta ikate uichungulie.