Umeniuliza kama wanaodesa ndio wenye akili

Wete, Pemba

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana una hasira ndani yake. Wenzako wa dakhalia wamekaa siku tatu na mitihani ya nyuma, wamedesa, yaani wamekariri majibu ya madesa bila kuyafahamu, wamepata A; wewe uliyekesha na kitabu umeambulia C. Ukauliza: "Mama, mimi nasoma nijue au nasoma nifaulu?"

Kwanza usiwaite wavivu. Mwaka 1976 Ference Marton na Roger Säljö, wa Chuo Kikuu cha Gothenburg huko Uswidi, waliandika juu ya wanafunzi waliopewa makala wasome. Wengine walikimbilia maneno, wanaogopa kuyasahau. Wengine walitafuta mwandishi anasema nini. Wale wa kwanza mara nyingi maana iliwapita. Lakini wakaona pia kwamba maswali anayoyatarajia mwanafunzi ndiyo yanayomfundisha asome vipi. Ukimzoesha kuulizwa vipande, atasoma vipande. Sasa hapo wa kulaumiwa ni wenzako tu?

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Chuo cha ualimu maana ya osmosisi niliikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikapata maksi zangu. Mwaka wa kwanza wa kufundisha skuli, mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona embe za achari ukizitia chumvi zinatoa maji?" Nikamwambia asituchanganye, tunasoma mimea. Eti embe si mmea! Na mimi mwenyewe asubuhi ile nimeacha beseni la embe uani. Usiku nikaenda kufunua: vipande vimenywea, maji yamejaa chini. Chumvi iko nje, maji ya ndani yameifuata: ndiyo osmosisi yenyewe niliyoikariri. Nikabaki nimeinama pale kama mjinga. Na kesho yake sikumwambia yule mtoto kitu, niliona haya. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko lile swali.

Basi C yako haikuja kwa kuwa umefahamu. Umefahamu, ila hukujizoeza kuyaandika uliyoyafahamu kwa muda waliokupa. Mitihani ya nyuma ifanye, lakini iwe mwisho. Mwanzo funga kitabu, mweleze mwenzako kwa Kiswahili kitupu. Pale unapokwama, hapo hujapajua. Na hao wenye madesa wakaribishe: wao wana maswali, wewe una maelezo.

Baba yako anasema nikukumbushe kuwa mkopo wako wa masomo wa Bodi ya Mikopo unalipwa kwa mshahara, si kwa ufahamu. Hajakosea, na ndiyo maana sikwambii udharau maksi.

Achari nimempa mjomba wako, anapanda boti Mkoani Jumatano. Kaifuate bandarini Malindi, huko Unguja, mapema, kabla hajaanza kuigawa.

Mama yako