Gari-nyumba dogo: dizeli au petroli?

SWALI: Ninakusudia kununua gari-nyumba dogo lililotumika, lenye vitanda viwili na jiko la gesi. Nimepata mawili ya bodi moja: la kwanza lina injini ya petroli ya lita 2.0 isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), la pili lina injini ya dizeli ya ukubwa huohuo yenye tabo na kichujio cha masizi. Nitasafiri mbali mara mbili kwa mwaka, ikiwemo milimani. Siku nyingine nitakwenda nalo kazini, umbali wa kilomita nne. Kwa mwaka halitazidi kilomita 6,000. Kila ninayemuuliza anasema dizeli. Je, nimsikilize?

JIBU: Wanaokushauri dizeli wana hoja ya kweli, ila wanalifikiria gari likiwa safarini, ilhali gari ulilolieleza litakwenda kilomita nne na kuzimwa siku nyingi za mwaka. Kwa matumizi hayo ningechagua la petroli, kwa sharti moja la uzito nitakaloligusa baadaye.

Hoja yao ni hii. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi, lita moja ya dizeli hubeba nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15, na tabo huiwezesha injini kuvuta kwa nguvu ikiwa katika mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, jambo linalofaa sana gari lililobeba kitanda, kabati na maji. Milimani faida hiyo huongezeka, kwa sababu injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. La petroli litapanda, lakini utarudisha gia mara nyingi na kuvumilia kelele za injini.

Sasa tuangalie akiba ya mafuta, ambayo ndiyo huwavutia wengi. Tuseme la petroli linatumia lita 12 kwa kilomita 100 na la dizeli lita 9. Kwa kilomita 6,000 tofauti ni lita 180 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya lita unayolipa, kisha umwombe fundi akutajie gharama ya nozeli nne zinazopuliza mafuta ndani ya injini, pampu ya shinikizo la juu na tabo. Katika dizeli za kisasa mfumo wa nozeli hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufikia bar 2,000, kwa hiyo maji au uchafu kidogo ndani ya mafuta huharibu vipuri ambavyo havitengenezwi kwa bei nafuu.

Jambo linaloniamulia hasa ni kichujio cha masizi. Kichujio hicho hunasa masizi ya moshi na baadaye huyachoma yenyewe, lakini uchomaji huo huhitaji joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi ndani ya ekzosi, na kwa kawaida dakika kumi na tano au zaidi za mwendo usiokatizwa. Katika kilomita nne injini haijapata hata joto lake la kawaida. Masizi hujaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli ili kuyachoma, wewe unazima gari kabla kazi haijaisha, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Wapo wanaokata kichujio hicho na kukitupa. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na mnunuzi wa baadaye akijua atakupunguzia bei. Petroli nayo haipendi safari fupi, kwa hiyo badilisha oili kwa kufuata miezi hata kama kilomita hazijatimia, lakini madhara yake ni madogo zaidi.

Kuhusu kuegeshwa kwa muda mrefu, hakuna mshindi wa wazi: petroli huchakaa ndani ya miezi michache, na dizeli iliyoingiwa na maji huota vijidudu vinavyoziba filta. Dizeli ina ubora mmoja wa malazi, nao ni kwamba kipasha joto cha chumba kinaweza kunywa kutoka tangi lilelile la gari. Ikiwa utalala mara kwa mara penye baridi kali, hoja hiyo ina uzito. Petroli hutoa mvuke unaowaka kwa urahisi hata kukiwa na baridi, kwa hiyo harufu yoyote ya mafuta ndani ya gari lenye jiko ishughulikiwe siku hiyohiyo, na jiko lisiwashwe.

Sharti la uzito ni hili: kabla ya kulipa, lipeleke gari kwenye mizani likiwa na tangi la mafuta na la maji yakiwa yamejaa, mtungi wa gesi ukiwa mahali pake, na abiria wote wakiwa ndani. Ukikuta zimebaki chini ya kilo 150 kufikia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari, liache, kwani injini hiyo itakuwa inafanya kazi ngumu kila mlima na breki nazo vilevile. Hapo la dizeli linarudi mezani, lakini endapo tu kazini utakwenda kwa chombo kingine.