Leseni anayo, macho bado

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Mtoto wako amepata leseni. Utamkabidhi lini ufunguo wa gari, na utamfundisha nini ambacho shule ya udereva haikumfundisha?" Jibu fupi: nilimkabidhi binti yangu baada ya miezi mitatu, na mwezi wa kwanza hakugusa usukani. Jibu refu lina aibu yangu ndani yake.

Binti ana miaka 19. Shule walimfundisha vizuri, sina lawama: alama za barabarani, kurudi nyuma, kuingia kipilefti, kuondoka mlimani bila gari kuserereka. Siku ya kwanza tulipotoka Kibaha kwenda Mbezi, mimi nikiendesha, nilimwambia asihangaike na mikono yangu. Atazame mbele, aseme kwa sauti anachokiona na kinachoweza kutokea.

Akasema, "Naona daladala."

Kimya. Daladala ilikuwa kituoni, na chini ya uvungu wake, kati ya tairi za mbele na za nyuma, ilionekana miguu ya mtu anayeelekea mbele ya gari. Nikapunguza mwendo. Mama mwenye ndoo kichwani akachomoza mbele ya bampa, akavuka. Binti akaniuliza nimejuaje.

Baada ya wiki mbili alikuwa anatangaza kama mpira wa redioni. "Bodaboda kapakia wawili na hana vioo, huyu anaweza kukata kulia bila kugeuka. Bajaji inapunguza, inatafuta abiria. Majani barabarani." Hapo kwenye majani nilimsimamisha. Yeye kakulia mjini, alidhani yameanguka kutoka mtini. Nikamweleza kwamba matawi mabichi yakiwa yametandazwa kwenye lami, mbele kuna lori bovu, pengine baada ya kona, na usiku lori hilo huenda halina taa hata moja. Wenye pembetatu za kuakisi mwanga wapo, lakini usiwategemee. Ukiona jani la kwanza, mguu utoke kwenye mafuta.

Halafu siku moja akanigeuzia kibao. "Baba, leo sema wewe."

Naendesha tangu 1994. Nilifungua mdomo nikakuta sina cha kusema, maana nilikuwa nyuma ya tela la semi, mita saba hivi, spidi 80, na mbele yangu nilichokiona ni tela tu. Kwa spidi hiyo gari linakula mita 22 kila sekunde. Kutoka jicho kuona hadi mguu kugusa breki huenda karibu sekunde nzima, hata kwa dereva aliye macho. Mpaka gari lisimame kabisa, kwenye lami kavu, ni mita 50 na zaidi. Dereva yule wa semi angekanyaga breki kwa nguvu, tungekuwa chini ya tela. Miaka yote hiyo nilikuwa najiita mzoefu kwa sababu hakuwahi kukanyaga.

Kwa hiyo tukaanza kujifunza wote wawili. Dawa ya umbali ni hii: gari la mbele likipita nguzo au kibao, anza kutaja polepole majina ya miji ya njiani, Chalinze, Mikese, Msamvu. Ukifika kwenye nguzo ile kabla hujamaliza Msamvu, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, endelea mpaka Mikumi, Iringa na Mafinga. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi mingi huelea juu ya lami, na tairi linateleza kama limepakwa sabuni.

Najua mtakachosema: ukiacha nafasi hiyo Dar es Salaam, mtu anachomekea. Ndiyo, anachomekea. Achia tena. Kila anayeingia anakugharimu sekunde tatu. Wakiingia kumi, umepoteza nusu dakika.

Jambo lililotugombanisha ni indiketa za malori. Wanaosafiri njia kuu wanaijua lugha hii: umekwama nyuma ya lori, dereva wake anawasha indiketa ya kushoto, yaani pita, njia nyeupe, akiwasha ya kulia, subiri, kuna gari linakuja. Ni ukarimu wa barabarani, na mimi nimeutumia maisha yangu yote. Binti akauliza, "Na kama anakata kushoto kweli? Na je, kama amekadiria mwendo wa lori lenzake badala ya hiki ki-IST chetu?" Nilibisha mpaka tukafika nyumbani. Usiku nikakumbuka mara mbili ambazo niliwashiwa kushoto, nikatoka, nikakutana na basi. Siku hizi ishara ile naichukua kama habari tu. Mpaka nione mwenyewe lami tupu ya kunitosha kupita na kurudi, nabaki nyuma. Ya kulia naitii bila swali.

Kuna na hili la taa. Gari linalokuja linakuwashia taa mara mbili, unapunguza haraka, unaingia kijijini kwa spidi 50 kama mtu mwema. Binti aliuliza umeona nini, nikajibu kuna tochi mbele, yaani trafiki wanaopima mwendo. Akatazama nje: shule ya msingi, watoto wamejaa pembeni, wengine wanakimbizana. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Sasa masharti. New Zealand tangu 1987 dereva mpya hupitia leseni ya katikati: akiwa peke yake haendeshi usiku wa manane, na habebi abiria ovyo. Nyumbani kwetu tuliiga, tukaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Miezi sita ya mwanzo: hakuna kuendesha baada ya jua kuzama nje ya mji, hakuna kupakia marafiki, simu inakaa kwenye mkoba kiti cha nyuma, mkanda kwa kila mtu hata wa nyuma. Sharti la marafiki ndilo lililomuuma. Lakini kijana mmoja garini ni dereva, na vijana wanne garini ni sherehe. Mama yake aliongeza sharti lake: akichoka au akiogopa, apige simu popote alipo, atafuatwa, na hakuna atakayemgombeza usiku huo.

Tairi nitazigusa tu. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Katazame za gari lako leo. Za kwetu zilinitia haya.

Mwezi uliopita tulikwenda Morogoro kwenye msiba, binti akiendesha, mimi kushoto, mama yake nyuma. Pale Mikese Noah moja ilitupita kwenye kona. Binti akaiachia nafasi, akaanza tena kuhesabu kwa midomo. Shughuli zikaisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikasema twendeni, nimeendesha njia hii usiku mara mia, nipe ufunguo.

Akasema, "Baba, karatasi ya kwenye friji haikuandikwa jina la mtu."

Nilikasirika, nisiwafiche. Tukalala kwa shangazi yake, Kihonda, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukaingia barabarani.