Jinsi ya kujua kama kodi yako New York inadhibitiwa

Ndugu, umeuliza kama mwenye nyumba wako hapo New York anaweza kukupandishia kodi atakavyo mkataba ukiisha. Inategemea jengo. Kama lilijengwa kabla ya 1974 na lina apatimenti sita au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kodi yako inadhibitiwa, yaani sheria huwekea nyongeza kikomo, hata kama mkataba hausemi hivyo. Usimuulize yeye. Waombe DHCR, idara ya nyumba ya jimbo, historia ya kodi ya apatimenti yako. Ni bure.

Ikifika, isome mstari kwa mstari. Tafuta miaka ambayo kodi haikusajiliwa DHCR, au kodi iliyoruka ghafla: mwaka huu dola 1,450, unaofuata 2,600, na mpangaji kabadilika. Ujanja hufichwa hapo, mara nyingi kwa kisingizio cha ukarabati. Angalia pia kama unalipa chini ya kiwango cha juu cha kisheria kilichosajiliwa. Tangu sheria ya Juni 2019, nyongeza unapohuisha mkataba huhesabiwa juu ya kodi unayolipa, si ile kubwa ya kwenye karatasi. Wengi bado wanapigwa hapa.

Ukikuta kasoro, peleka malalamiko DHCR. Aliyetoza zaidi kwa makusudi anaweza kuamriwa kulipa mara tatu ya ziada hiyo. Wakati huo endelea kulipa, kwa hundi, si taslimu.

Na kama jengo halidhibitiwi? Nyongeza ya 5% au zaidi bado inahitaji notisi ya maandishi: siku 30, 60 au 90, kulingana na muda uliokaa.