Kupitia vipande vya barua pepe: ushauri kwa wanaoanza kazi

Ninyi mnaoanza kuandika programu za kusoma barua pepe, kazi ambayo hapa Arusha huombwa sana na ofisi za utalii, zoeeni mapema kwamba barua inayoonekana kwenye simu kama ukurasa mmoja kwa ndani ni mti wa vipande, na kipande kimoja kinaweza kubeba vingine ndani yake.

Mimi nilianza nikiamini kwamba kipande cha kwanza ndicho barua yenyewe. Programu yangu ya Python ilichukua kipande namba 0, ikakisoma kwa get_payload(decode=True) na kuandika matokeo kwenye jedwali la safari. Ilikwenda vizuri hadi wakala mmoja wa Ujerumani alipoanza kuambatanisha PDF, na asubuhi hiyo nikakuta safu ya maelezo imejaa neno None, yaani "hakuna kitu", kutoka juu hadi chini. Kipande cha kwanza sasa kilikuwa multipart/alternative, yaani mfuko uliobeba maandishi ya kawaida pamoja na nakala yake ya HTML, na mfuko wenyewe hauna maandishi ya kusomwa.

Kwa hiyo tumieni walk(), ambayo hupita mti wote, na kila kipande kiulizwe kwanza kwa is_multipart() kama ni mfuko; kikijibu True, yaani ndiyo, kirukeni. Kinachobaki kiulizwe aina yake, kisha get_content_disposition(), inayosema kama kimetumwa kama kiambatisho, kwa sababu hata faili la text/plain, yaani maandishi ya kawaida, linaweza kuwa kiambatisho. Mfumo wa herufi nao msiubahatishe: someni get_content_charset(), la sivyo mgeni Müller atafika kwenye orodha akiitwa MÃ¼ller.

Hata walk() ina mtego, nao ndio ulionigharimu zaidi. Wakala alituma ratiba mpya ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, akaambatanisha pia barua yake ya zamani iliyokuwa na ratiba ya Machame, na mafaili yote mawili yaliitwa itinerary.pdf. Barua iliyoambatanishwa, ambayo aina yake ni message/rfc822, hujibu True kwa is_multipart(). Nilidhani nimeiruka, kumbe nimeruka ganda tu, kwani walk() iliendelea kuingia ndani na faili la zamani likafuta jipya. Gari lilikwenda lango la Machame, ilhali wageni walitakiwa Londorosi, upande wa magharibi wa mlima. Dereva alinieleza maoni yake kwa simu, kwa kirefu.

Tangu hapo viambatisho navichukua kwa iter_attachments(), ambayo haiingii ndani ya barua iliyoambatanishwa. Ili ipatikane, fungueni barua kwa message_from_bytes mkitaja policy=policy.default, msipoitaja mtapewa umbo la zamani lisilo na njia hiyo. Jina la faili nalo msilihifadhi kama lilivyokuja: get_filename() inaweza kurudisha None, na majina hufanana, hivyo wekeni namba ya barua mbele ya kila jina.