Mazabodi mpya, Windows ileile: uliza kwanza, bisibisi baadaye

Ninyi mnaoanza ufundi, kufunga mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwenyewe mtakuzoea ndani ya wiki. Skrubu sita hadi tisa, kebo chache, basi. Angalia tu isije ikawa ni zile Dell au HP zenye plagi ya umeme ya kwao peke yao, maana bodi ya dukani haitaingia. Kichwa kinauma kwenye diski. Mle mna hesabu za mteja, barua zake, na programu ambayo aliyeiweka alishahamia Mbarara. Ukimwambia "napiga Windows upya", anaona umemwambia alale njaa.

Na mara nyingi hakuna haja. Windows 7 ndiyo iliyokuwa mkaidi: bodi ikibadilika, skrini ya buluu, 0x0000007B, kwa sababu draiva (programu ndogo ya kuendeshea kifaa) ya kusomea diski ilikuwa ya bodi ya zamani. Windows 10 na 11 hujitafutia draiva zenyewe, zinazungukazunguka dakika kadhaa, kisha zinaingia.

Nilipolewa na urahisi huo ndipo nikaumbuka. Hapa Busia, msimu wa mvua, radi ilipiga karibu na ofisi ya wakala mmoja wa forodha. Kompyuta ikafa, tundu la kebo ya mtandao likabaki na alama nyeusi. Nikatafuta bodi ya aina ileile, nikafunga, nikawasha kwa mbwembwe mbele ya mzee mwenyewe. Skrini ikaniomba tarakimu 48.

BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski. Diski ilikuwa imefungwa, na kufuli hiyo hutegemea TPM, chipu ya usalama ya kwenye bodi, ambayo ilikuwa imeondoka na bodi ya zamani. Tarakimu za kufungulia huhifadhiwa mara nyingi kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine, naye alikuwa karani aliyekwishaacha kazi. Siku mbili tulimsaka, tukampata Tororo. Alinisomea kwa simu, sita sita, mara nane, huku mzee akiuliza, "Fundi, bado haijakubali?" na malori yake yamejipanga nje.

Kwa hiyo kama mashine bado inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili hizo tarakimu kwenye karatasi. Halafu zima BitLocker kabisa, usubiri imalize. Ukiisimamisha kwa muda tu, inaweza kujirudisha ukishawasha mara moja.

Ingia pia BIOS ya zamani, yaani mipangilio ya msingi ya bodi, upige picha kwa simu. Unatafuta mambo mawili: njia ya kuwakia ni UEFI (mpya) au Legacy (ya zamani), na bodi inasoma diski kwa AHCI (ya kawaida) au RAID (ya kuunganisha diski kadhaa). Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID hata kama diski ni moja. Bodi mpya ikija na AHCI, buluu ile ya enzi za Windows 7 inarudi. Hapo fundi mwenye haraka hufomati. Wewe rudisha mpangilio uwe ule wa kwenye picha, uwashe tena.

Draiva ya mtandao iwe tayari kwenye flashi. Leseni iunganishwe na akaunti mapema, ila iliyokuja na mashine kutoka kiwandani inaweza kukataa bodi mpya. Mteja aambiwe kabla ya bei. Sysprep, zana ya Windows ya kuiandaa ihamie mashine nyingine, wengine wanaisifu, mimi siigusi kwenye mashine ya mtu: inakuletea maswali ya kuanza upya na mipangilio mingine inapotea. Ubuntu, mfumo wa Linux, haina maneno mengi, huwaka tu, ingawa jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika.

Siku hizi kwenye daftari langu la kupokelea mashine kuna safu moja ya ziada: "akaunti ya nani?" Mteja akisema hajui, naandika hivyohivyo, anatia sahihi, ndipo natafuta bisibisi.