Kesi za miliki bunifu: je, wakili lazima awe amesoma sayansi?

Mleta uzi anauliza kama mwenye shahada ya sheria tu, bila uhandisi wala kemia, anaweza kuwa wakili wa kesi za miliki bunifu, yaani haki juu ya uvumbuzi, alama za biashara na kazi za ubunifu. Anaweza. Watu huchanganya kazi mbili. Anayebanwa ni yule anayeandika na kusajili hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi): Marekani, kwa mfano, ofisi ya hataza humtaka awe na msingi wa sayansi au uhandisi na afaulu mtihani wake. Kuipigania hataza hiyohiyo mahakamani hakudai mtihani huo. Alama za biashara na hakimiliki ndiyo kabisa, kemia haina nafasi.

Kinachotakiwa ni subira ya kusoma karatasi. Kabla ya barua ya onyo, thibitisha kwamba haki ni ya mteja kweli. Hapa ndipo kesi nzuri hufia: nembo ilichorwa na msanii wa kujitegemea, akalipwa, lakini hakuna hati ya kuhamisha haki, na katika nchi nyingi malipo peke yake hayahamishi hakimiliki. Au hataza imekufa kwa kutolipiwa ada. Fungua daftari la usajili mwenyewe. Neno la mteja halitoshi.

Kwenye hataza, achana na michoro kwanza. Soma madai yake (sentensi zinazotaja hasa kinacholindwa), yakate kipengele kwa kipengele, uchore jedwali: kushoto kipengele, kulia sehemu ya bidhaa ya mshindani inayolingana nacho, na ushahidi wake. Dai lina vipengele vitano na bidhaa ina vinne? Uko pabaya, labda uonyeshe kwamba cha tano kimewekewa mbadala wa kazi ileile, hoja ambayo mahakama huipima kwa ukali. Halafu jiandae kushambuliwa: wapinzani watasema uvumbuzi ulishajulikana, hivyo hataza ni batili. Na anayewapa silaha huwa mteja mwenyewe, aliyekitangaza kifaa hadharani kabla ya kuwasilisha maombi. Muulize hilo siku ya kwanza. (Ujerumani hoja hiyo ya ubatili huenda mahakama nyingine kabisa, kwa hiyo mnapigana pande mbili.)

Ushahidi wa bidhaa bandia: nunua, tunza risiti, piga picha kabla ya kufungua kifungashio, andika kila aliyeishika. Mnunuzi asiwe wewe. Wakili akigeuka shahidi, huenda akalazimika kujitoa kwenye kesi. Picha ya skrini bila anwani ya ukurasa, tarehe na saa itapingwa mara moja.

Zuio la muda (amri ya kumsimamisha mdaiwa wakati kesi inaendelea) liombwe mapema. Ukikaa miezi unaandikiana barua na mdaiwa, jaji atauliza dharura iko wapi. Mwambie mteja pia kwamba anaweza kutakiwa kuahidi fidia endapo zuio litaonekana halikustahili.

Kuhusu sayansi usiyoisoma: kaa na shahidi mtaalamu, mtake aifungue mashine mbele yako, kisha umweleze wewe inavyofanya kazi. Akikusahihisha zaidi ya mara mbili, hujawa tayari kumhoji wa upande wa pili.